Mafiga Niliyoyang'oa

Niliwahi kukataa barabara. Nasema barabara ya kweli, ya udongo mwekundu, iliyokanyagwa na maksai wa mzungu kutoka zizi la maziwa mpaka kinu cha unga, pana ya kupishana mikokoteni miwili. Niliikataa kila Jumapili kwa karibu miaka miwili, nikapita kwenye matope, kwa sababu nilitaka kwenda mbinguni. Wajukuu wangu wanacheka nikisimulia hayo. Wacheke. Lakini mmoja wao, aliyesoma kuliko wote, aliniuliza juzi tukitoka ibadani, "Kukhu, mhubiri amesema tuchague njia iliyo ngumu. Sasa mtu atajuaje ni ipi?" Nikamwambia aniletee daftari na kalamu, maana jibu ni refu. Kusoma nilifundishwa na kanisa ili nibatizwe. Kuandika nilijifunza mwenyewe nikiwa tayari mama wa watu wazima. Mkiona herufi zimelala, ziacheni zilale.

Tuliishi upande wa Endebess, kwenye shamba la mzungu, miaka ile kabla ya vita vya pili vya Wazungu. Kwetu hasa ni Chwele. Bwana yangu alikuwa amepewa mahali pa kulima na kuchunga ng'ombe wachache, naye alimlipa mzungu kwa siku za kazi zilizoandikwa kwenye karatasi. Sisi wanawake tuliitwa wakati wa palizi na wakati wa kuvunja mahindi. Nyapara aligonga chuma cha plau kilichoning'inizwa kwenye mti, na ukisikia kile chuma unaacha uji ukichemka.

Kanisa letu lilikuwa banda la nyasi ng'ambo ya kijito. Mwalimu wa kanisa alikuwa mtu mpole, kitabu chake amekifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Siku moja alitusomea habari ya milango miwili: mmoja mpana, njia yake ni ya raha na inapeleka watu kupotea, mwingine mwembamba, njia yake inabana, na ndiyo ya uzima. Alisoma mara mbili, akafunga kitabu, akatuambia tukaitafakari.

Sisi tulikuwa watu wa kushika neno kwa mkono kama unavyoshika jembe. Tumeambiwa njia pana ni mbaya, na njia pana tulikuwa nayo pale pale mlangoni. Wanawake wa darasa la ubatizo tukakubaliana: barabara ya mikokoteni, basi tena. Jumapili tutashuka kwa kijia cha miguu, katikati ya matete.

Tulishuka. Matope mpaka magotini, ruba wameshika vifundoni, watoto wanalia mgongoni. Mmoja wetu alipoteza kitambaa kipya cha kichwa majini, akasema asante Bwana. Tukifika kanisani tunatazamana miguu. Aliyekuwa na matope mengi hakujisifu, lakini aliketi mbele. Mara nyingi aliyeketi mbele nilikuwa mimi.

Mmoja tu alikataa mpango huo, na huyo alikuwa mke mwenza wangu.

Alikuwa ameolewa kutoka Sirisia. Mimi nilikuwa nimezaa mara nne nikabaki na msichana mmoja; wengine watatu tuliwazika Chwele, nyuma ya migomba. Bwana yangu hakunitukana kwa hilo hata siku moja, lakini mama yake alitaka mvulana, na ng'ombe wakapelekwa Sirisia. Sasa, kwetu mke mpya hana moto wake. Hupika kwenye meko ya mama mkwe mpaka siku anayopewa mafiga yake mwenyewe. Kule shambani mama mkwe hakuwepo, kwa hiyo mimi nilishika nafasi hiyo. Alipika kwangu miezi mitatu, akitia chumvi kama anayelisha ng'ombe. Kisha nikachagua mawe matatu kijitoni, nikayapanga ndani ya nyumba yake, nikaleta kaa kutoka motoni kwangu nikamwashia. Hapo ndipo mtu anaitwa mwenye nyumba. Mwaka uliofuata alizaa mvulana. Nilimpokea yule mtoto kwa mikono hii, nikatabasamu kwa meno tu.

Basi Jumapili sisi tunatoka kwenye matete tunatiririka maji, yeye anashuka barabarani, mtoto mgongoni, miguu safi, anaimba wimbo wa kupura wimbi.

"Ati mbingu iko kwa matope?" akauliza. "Basi nguruwe wa mzungu wametutangulia zamani."

Wanawake walicheka, halafu wakakumbuka kwamba hawatakiwi kucheka. Mimi sikucheka.

"Wewe cheka tu," nikamwambia. "Njia yako tunaiona inakopeleka."

"Inapeleka kanisani, mkubwa wangu. Si tumefika pamoja?"

Alikuwa akiniita hivyo, mkubwa wangu, na mimi nilimwita mdogo wangu. Mtu wa kando angedhani tunapendana.

Siku ya ubatizo ilipokaribia, mwalimu alikuja nyumbani kwetu. Aliketi kwenye kigoda, akakataa chai, nami nikajua ameleta neno zito. Alimwambia bwana yangu kwamba mtu mwenye wake wawili habatizwi. Abaki na mmoja, yule wa kwanza, na mwingine arudi kwao. "Najua ni ngumu," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu kweli, sikumwona mtu wa kujifanya. "Lakini hiyo ndiyo njia nyembamba yenyewe."

Bwana yangu hakulala vizuri wiki nzima. Alikuwa akichonga mpini wa jembe, anauacha, anauchukua tena. Mwisho akaniuliza, "Mama, wewe unaonaje?"

Hapa ndipo nataka msome polepole. Aliniuliza. Ningeweza kusema jambo lolote. Mwanamume yule alikuwa anatafuta mtu mmoja tu wa kumwambia angoje. Nikamjibu, "Neno ni Neno."

Mdogo wangu aliondoka asubuhi, chuma cha plau hakijagongwa. Mtoto alikuwa bado ananyonya kwa hiyo alikwenda naye. Alibeba chungu kimoja na kapu, nguo zake mbili ndani. Bwana yangu alikuwa amejificha zizini, anakamua ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa. Mimi nilisimama mlangoni.

"Hata wewe, mkubwa?" akaniuliza.

"Njia ni nyembamba," nikasema.

Aliniangalia kidogo, akageuka, akashika barabara.

Siku ile ile niliingia nyumbani kwake nikang'oa mafiga yake matatu. Jivu lilikuwa bado la moto. Sikuambiwa na mtu. Niliyabeba moja moja nikayaweka chini ya kizimba cha kuku, maana kizimba kilikuwa kinayumba na fuko alikuwa amechimba upande mmoja. Kuku wake saba wakawa wangu. Wimbi lake likaingia ghalani kwangu.

Tukabatizwa. Mwalimu alitusimamisha mbele akasema watu watuangalie, hawa wameshika njia inayobana. Wanawake walinikumbatia. Nilipewa kitambaa cheupe. Na mimi nilisimama pale nikijiona nimeteseka kwa ajili ya Bwana, wakati kwa kweli sikuwahi kuwa na mwaka mtamu kama ule. Bwana yangu ni wangu peke yangu, ghala limejaa, kuku wanataga, na sifa juu yake. Kitu hicho hakikunishtua. Nilidhani ni baraka.

Ulipita mwaka mmoja na nusu. Baada ya mavuno mzungu alimpa bwana yangu ruhusa ya wiki mbili, tukateremka kwenda Chwele kumsalimu mama mkwe. Kwa miguu ni siku mbili, tulilala njiani kwa jamaa. Siku ya soko nikatoka kununua chumvi.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amebeba mzigo wa kuni ambao hata mimi wakati ule ningeugawa mara mbili, na si wa kwake, alikuwa anampelekea mwanamke mwenye kibanda cha uji. Alikuwa amekonda, shingo imetoka. Mtoto alitembea nyuma akishika nguo yake. Alitua mzigo, akapewa kibuyu cha uji, akampa mtoto kwanza, kisha akasafisha kibuyu kwa kidole akakilamba. Ndipo akainua uso.

"Aa, mkubwa wangu!" Akacheka. Meno yake yalikuwa yale yale. "Habari za matope?"

"Nzuri," nikasema. "Habari za nyumbani?"

"Nyumbani wapi?" akasema, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. Akanieleza. Kaka yake alikuwa amekwisha kuoa mke kwa wale ng'ombe wetu, hana cha kurudisha. Bwana yangu naye hakuwadai, kwa huruma. Na kwa sababu ng'ombe hawakurudi, hakuna mwanamume wa kumwoa. Nani ataoa mwanamke ambaye ng'ombe wa mwingine wamesimama kwao? Hakuwa mke wa mtu, hakuwa msichana wa nyumbani. Mke wa kaka yake alimhesabia tonge. Mtoto aliitwa mgeni.

Nikasema jambo la kijinga. Nikasema, "Mimi nilibatizwa."

"Nilisikia. Hongera." Aliweka kata yake ya kubebea mizigo kichwani. "Hiyo njia yenu ni nyembamba kweli, mkubwa. Mimi na mtoto hatukutoshea."

Akaenda kutafuta mzigo mwingine.

Kutoka sokoni mpaka kwa mama mkwe si mbali, lakini siku ile nilitembea sana. Niliposimama kufunga leso niliona kwamba sikununua hata chumvi, ikabidi nirudi. Nilikuwa ninajiuliza jambo moja tu. Siku ile tuliposhika njia inayobana, ilimbana nani? Mimi haikunigusa hata bega. Niliipita nikiwa nimenyoosha mikono. Na njia unayopita umenyoosha mikono huku mwenzako amebanwa ukutani, ile ni ile pana, hata kama mtu ameiita kwa jina lingine, hata kama umeipita kwa matope. Sikuhitaji mwalimu wa kunieleza hilo. Nilihitaji kuona mtu akilamba kidole.

Jioni nilimwambia bwana yangu, mama yake akiwa hapo anachambua mboga.

"Nimemwona."

"Nani?"

"Unajua nani."

Akasema, "Mwalimu atatutoa kwenye ushirika."

"Atutoe."

"Wewe si ndiye ulisema Neno ni Neno?"

"Nilisema. Nilisema kwa sababu lilinifaa."

Mama mkwe aliacha mboga. Alikuwa mzee mkali kuliko mimi nilivyo sasa, na hakuwahi kuingia kanisani. "Na yule mtoto," akauliza, "siku yake ikifika atatahiriwa katika uwanja wa nani? Wa mjomba? Mmefikiria hilo, watu wa vitabu?" Kisha akanigeukia. "Moto wake bado unawaka?"

"Niliuzima, mama. Mafiga nikayang'oa."

"Uling'oa mafiga ya mtu aliye hai?" Hakupiga kelele. Alirudia tu, polepole, kama anayesoma. Sijawahi kuchapwa hivyo.

Kwa desturi, mke aliyerudi kwao hufuatwa na mumewe pamoja na wazee. Bwana yangu alikuwa tayari kwenda, lakini nilijua kwamba akienda yeye, mdogo wangu atarudi kwa mume, hatarudi kwangu, na aliyemfungia mlango nilikuwa mimi. Asubuhi nikaondoka peke yangu kwenda Sirisia na ile chumvi kwenye leso.

Mke wa kaka yake alinikuta uwanjani. Aliita majirani kabla hajanijibu salamu. "Njooni muone! Mke amemfuata mke mwenza! Kwani bwana wenu amekatika miguu?" Wanawake walikuja na watoto wao, wakasimama kama kwenye mnada. Mwingine akasema labda mimi ndiye mwenye ndevu. Walicheka mpaka kuku wakakimbia.

Mdogo wangu alitoka nyuma ya nyumba, mikono ina unga. Alisimama. Hakunisaidia hata kidogo, na sikustahili.

Nikapiga magoti. Mimi si mtu wa kumpigia mtu magoti ovyo. Hata mzungu alinijua kwa hilo. Nilipiga magoti kwenye kinyesi cha mbuzi, mbele ya watu wale, nikasema, "Niliulizwa, na ningeweza kusema ubaki. Sikusema. Nimekuja kukuomba urudi kwako."

Kelele ilipungua. Mdogo wangu akanitazama.

"Inuka, mkubwa, unachafua nguo." Sikuinuka. "Mafiga yangu yako wapi?"

"Niliyang'oa."

"Nilijua. Mtu kama wewe haachi kazi nusu. Uliyatupa?"

"Yameshikilia kizimba cha kuku."

"Kuku wangu?"

"Kuku wako."

Alianza kucheka. Alicheka akishika ukuta, unga umejaa ukutani, halafu sauti ikageuka na nikaona analia. Mtoto alimshika mguu. Alipomaliza alijifuta na mkono wa nguo.

"Na kanisa lenu?"

"Litatuweka nyuma."

"Mimi nyuma nimezoea. Wewe utaweza?"

"Sijui," nikasema, na hilo lilikuwa jibu la kwanza la kweli nililowahi kumpa.

Akachukua leso mkononi mwangu, akaifungua, akaonja chumvi kwa ncha ya ulimi. "Sikia basi. Sitapika kwako hata siku moja. Sirudi kuwa mgeni. Nikifika nikute moto wangu unawaka, na uwe umeuwasha wewe kwa mikono yako. Nikikuta jivu baridi, nageuka pale pale."

Niliporudi Chwele na jibu hilo, bwana yangu alipumua kama aliyetuliwa gunia. Akamchukua baba yake mdogo wakaenda kumfuata kwa heshima inayotakiwa, na mimi nikatangulia Endebess peke yangu, siku mbili, nikiwahesabia hatua nyuma yangu. Nilifika mchana. Nilibomoa kizimba, kuku wakatawanyika shamba zima la mzungu. Mawe yalinuka. Niliyapeleka kijitoni nikayasugua kwa mchanga na jivu mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Nyumba yake ilikuwa imetobolewa na mchwa, paa limeanguka upande mmoja. Nikafagia. Nikapanga mafiga mahali pale pale, alama zake bado zilikuwepo kwenye udongo, nikaleta kaa kutoka kwangu, nikapuliza.

Kabla hawajafika alikuja mwalimu. Habari shambani hutembea mbele ya watu. Alisimama mlangoni pa nyumba ile, akaona moto.

"Mama," akasema, "unajua nitalazimika kufanya nini."

"Najua. Lakini nieleze, mwalimu, wewe umesoma. Ulituambia tuchague lililo gumu. Kumfukuza kulikuwa kugumu kwa nani katika nyumba hii?"

Alifikiri. Namheshimu kwa hilo mpaka leo, kwamba alifikiri. "Kwa mzee," akasema.

"Na kwangu?"

Aliangalia chini, kwenye mafiga. "Kanuni si yangu, mama. Nitawaweka benchi la nyuma, na mezani kwa Bwana hamtakaribia. Nitawaombea."

"Tuombee. Lakini usituombee atoke."

Akaomba maji. Nilimpa kwa kibuyu cha mdogo wangu, akanywa akamaliza, akaenda zake amekumbatia kitabu.

Walifika jua likielekea kushuka. Mdogo wangu hakunisalimu. Alipita, akaingia ndani, akainama akagusa kila figa kwa kiganja kama anayepima homa. "Hili la nyuma limekaa upande," akasema. Akalisogeza kwa kidole kimoja. Kisha akatia chungu.

Sitawadanganya kwamba nilimpenda tangu siku ile. Alirudi na mdomo wake na chumvi yake. Kama bwana yangu alikuwa akiingia kwake au la, msiniulize mambo ya wazee. Alizaa msichana mwaka wa pili, hesabuni wenyewe. Kuna asubuhi nilisikia wanacheka ndani na mimi nachota maji peke yangu, na nikalichagua upya lile jambo la kumrudisha, nikiwa na hasira, ndoo kichwani. Mjukuu wangu, andika hilo moyoni: halichaguliwi mara moja. Na ukitaka kuijua njia inayobana, usitazame miguu yako ina matope kiasi gani. Tazama ni nani anayebanwa. Akiwa ni mwingine, rudi ulikotoka.

Jumapili ya kwanza nilivaa kitambaa cheupe, nikatoka. Wanawake wa darasa letu walikuwa tayari wanashuka kwenye matete. Waliniona, wakangoja. Mdogo wangu alikuwa amesimama barabarani na mtoto wake, miguu safi, wala hakuniita. Bwana yangu alikuwa ameshatangulia, kichwa chini.

Nikapanda barabarani.

Ilikuwa pana vile vile, ya mikokoteni miwili. Wale chini walisimama kututazama, hakuna aliyecheka na hakuna aliyesalimu. Nilihisi macho yao mpaka mgongoni. Sikumbuki kutembea barabara iliyonibana kama ile.

"Polepole, mkubwa," mdogo wangu akasema, "hakuna anayetufukuza." Akanipa mtoto nimbebe.

Tukafika na miguu mikavu, tukakaa nyuma.